Sisi Tunajitolea, Nyumbani Ndio Wanaolipa

Hivi, mpenzi msomaji, una kitu unachokipenda ambacho hakikuingizii hata senti tano, lakini ukiamka usiku kunywa maji ndicho unachokiwaza? Inaweza kuwa kwaya, mpira wa maveterani, kufuga njiwa, au ukatibu wa kamati ya harusi ya mtu ambaye hata si ndugu yako. Wengi tunacho. Na wengi tunaye mwenzi ambaye kitu hicho hakimhusu kabisa, ila anavumilia kwa sababu anakupenda wewe.

Cha kwangu ni gemu. Sisemi kucheza, nasema kutengeneza. Na kwa kuwa peke yangu siwezi kuchora hata mti ukaeleweka, naongoza timu ya watu saba, mimi nikiwemo, tunaotengeneza gemu ya simu kwa kujitolea. Tumetawanyika kati ya wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera. Mshahara hakuna. Posho hakuna. Hata soda ya kikao kila mtu anajinunulia. Leo sitaki tuzungumze ufundi wa kompyuta, maana huo hata mimi naubabaisha. Nataka tuzungumze bili. Kazi ya kujitolea ina bili yake jamani, na anayeilipa mara nyingi si yule anayepigiwa makofi.

Kutoka Dar hadi barabara ya malori

Nilisomea mawasiliano ya umma chuo kikuu, nikafanya uhariri Dar es Salaam miaka kadhaa, nikaolewa na afisa mifugo. Mwaka 2021 akahamishiwa Biharamulo. Mashosti zangu walinisindikiza kwa machozi utadhani naenda kuishi mwezini. Kazi yangu nikahama nayo: laptopu, modemu, na meza ndogo karibu na dirisha linalopata mtandao.

Kwa wewe usiyepafahamu huku, ngoja nikuchoree ramani kidogo. Biharamulo mjini ndiko liliko lile boma la Wajerumani. Ukitoka hapo hadi Lusahunga, unakutana na barabara kuu ya malori. Ukishika upande mmoja unafika Nyakanazi, kisha Kahama, na safari ya Dar inaendelea. Ukishika upande wa pili unapita Nyakahura, unaingia wilaya ya Ngara mpaka Benaco. Hapo njia zinaachana: moja inakwenda Rusumo, mpakani na Rwanda, nyingine inakwenda Ngara mjini hadi Kabanga, mpakani na Burundi.

Watu wazima wa huku wakianza kukuhadithia barabara hii, unaweza kusahau maharage jikoni. Watakwambia enzi ambazo mabasi yalipita kwenye misitu kwa kusindikizwa na polisi wenye bunduki kwa sababu ya majambazi. Watakwambia Aprili 1994, pale watu wapatao 250,000 walipovuka Rusumo ndani ya siku moja tu wakikimbia mauaji ya kimbari ya Rwanda, na Benaco ikageuka kuwa moja ya kambi kubwa za wakimbizi duniani. Misitu ile ile ya majambazi, sehemu yake tangu 2019 ni Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato.

Sasa, pamoja na historia yote hiyo, gemu zilizokuwa kwenye simu za vijana wa hapa zilikuwa za magari yanayokimbizana kwenye miji ya Marekani. Siku moja nilipeleka simu yangu kubadilishwa kioo, na kijana fundi wa karibu na stendi akaniuliza huku akipuliza vumbi, "Dada, hivi kwa nini hakuna gemu ya lori linalopanda milima ya kwetu?"

Sikuwa na jibu. Basi tukaamua kuitengeneza.

Bosi asiye na mshahara wa kukata

Timu ilijijenga yenyewe kama upatu. Fundi simu akamleta mchoraji wa mabango, yule ambaye kazi zake utaziona kwenye saluni na bucha za Biharamulo. Mchoraji akamtaja mwalimu wa fizikia wa sekondari moja kule Ngara aliyejifundisha kuandika programu. Mwalimu akaja na muuguzi mcheshi ambaye ndiye anayeandika maneno ya wahusika, kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kihangaza na Kisubi. Rulenge tukampata kijana anayerekodi kwaya, akachukua upande wa sauti. Nyakahura tukampata binti aliyemaliza kidato cha sita, kazi yake kucheza kila tunachotengeneza na kututajia kasoro bila huruma. Mimi napanga kazi, nafuatilia, nasuluhisha. Wananiita bosi kwa utani, maana bosi gani ambaye hawezi kumkata mtu mshahara?

Gemu yenyewe ni rahisi kuielezea. Wewe ni dereva wa lori kutoka Rusumo kwenda Nyakanazi. Breki zinachemka, ukungu unashuka, mnyama anakatiza barabara, mama anakupungia mkungu wa ndizi, utingo wako anataka kuchimba dawa kila baada ya dakika kumi. Ukikimbia sana unaangusha mzigo, ukizubaa sana parachichi zinaiva njiani.

Tunatumia programu inayoitwa Godot. Ilianzishwa na Waargentina wawili, Juan Linietsky na Ariel Manzur, na tangu 2014 iko wazi kwa dunia nzima. Huilipii, na hata ukiuza ulichotengeneza hakuna anayekuja kudai fungu lake. Inakubali hata laptopu ya mtumba. Jina lake limetoka kwenye tamthilia ya watu wanaomsubiri mtu ambaye hafiki. Ukiongoza timu ya kujitolea utauelewa utani huo haraka sana.

Maana mtu wa kujitolea, mpenzi msomaji, hana kinachomfunga. Wa kuajiriwa akichukia Jumatatu, Jumanne atakuja kwa sababu ya kodi ya nyumba. Wa kwako akichukia Jumatatu, hutamsikia tena, na wala hatakwambia kwa nini. Atasema tu simu ilizima chaji. Kwa hiyo tulijiwekea mambo matatu mapema.

La kwanza, kazi inakatwa vipande vidogo ambavyo mtu anavimaliza ndani ya wiki mbili. "Chora wahusika wote" haichoreki. "Chora utingo akiwa amesimama, amekaa, na amelala" inachoreka, na anayeimaliza anapata raha ya kumaliza. Kuna gemu moja ya vita inaitwa Battle for Wesnoth, ambayo David White aliitoa mara ya kwanza mwaka 2003 ikiwa kitu kidogo kinachochezeka. Watu wakakipenda, wakaanza kuongezea: huyu ramani, yule muziki, mwingine tafsiri ya lugha yake. Miaka zaidi ya ishirini baadaye bado inaendelezwa na watu wanaojitolea. Watu hujiunga na kitu wanachokiona kikitembea. Ndoto peke yake hukusanya wapiga makofi.

La pili, kila kazi lazima iwe na mrithi. Anachokijua mmoja, wa pili akijue walau nusu.

La tatu, karatasi. Najua tunapenda kusema "sisi ni kama ndugu," lakini ndugu ndio wanaofikishana kwenye baraza la kata. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda programu za kompyuta, na inalinda michoro na muziki pia. Maana yake yule mchoraji wa mabango ana haki kwenye utingo wake hata kama hakulipwa. Tuliandika ukurasa mmoja: nani amefanya nini, pesa ikipatikana itagawanywaje, na anayeondoka anaacha nini na kuondoka na nini. Wote tukasaini juu ya meza ya mgahawa Nyakahura, nusu ya njia kwa kila upande, karatasi ikapata na doa la mchuzi.

Simu ya saa tano usiku

Ukurasa ule ulitaja kila kitu, isipokuwa watu ambao hawakuwepo mezani.

Ilikuwa mwishoni mwa 2023, kipindi kile cha mgao wa umeme. Tulipanga gemu itoke kabla ya Krismasi, wakati watu wa huku walioko mijini wanarudi nyumbani na simu zao nzuri. Sehemu kumi za safari, kutoka mpakani hadi Nyakanazi. Mwalimu ndiye aliyeshika programu yote, na kwa sababu ya mgao alikuwa akifanya kazi umeme unapopatikana. Ukirudi saa nne, anakaa saa nne. Ukirudi saa nane usiku, anaamka saa nane. Kila asubuhi tulikuta kwenye kundi letu la WhatsApp ameweka kipande kipya, na sisi tunamwagia makopakopa na vidole gumba. Kazi ilikuwa inakwenda, bwana!

Simu ikaita saa tano usiku. Namba ngeni, sauti ya mwanamke.

"Dada, habari za usiku. Samahani kwa kukusumbua. Mimi ni mke wa mwalimu."

Nikamwambia wifi karibu, hujanisumbua.

"Sisi hatujagombana, usishtuke. Nilitaka kukuuliza tu, hiyo gemu inaisha lini?"

Nikaanza kumweleza habari za Krismasi. Akanisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, halafu akasema maneno ambayo sijayasahau: "Nauliza kwa sababu umeme ukirudi saa nane, anaamka. Mtoto akilia saa nane, haamki."

Alikuwa na ujauzito wa miezi saba, wa mtoto wa pili. Wa kwanza alikuwa hajafikisha miaka miwili. Mchana anauza duka dogo la vifaa vya shule, jioni anapika, usiku anabembeleza. Pesa ya bando, aliniambia bila hasira, ilikuwa inatoka kwenye kibubu cha kujifungulia. Si yote, kidogo kidogo tu.

"Sitaki aache," akasema. "Akiwa kwenye hiyo kompyuta ana furaha, hata mimi naiona. Nataka nijue tu na mimi napangiwa lini."

Nikamwambia, "Wifi, nipe siku tatu. Nitakujibu kwa tarehe, si kwa maneno."

Barua iliyotikisa kampuni kubwa

Usiku ule sikulala mapema, na nilichokumbuka kilitoka mbali na Ngara. Novemba 2004, nchini Marekani, mwanamke mmoja aliandika barua ya wazi bila kuweka jina lake. Mchumba wake alikuwa akitengeneza gemu kwenye kampuni kubwa ya Electronic Arts, na barua ilieleza jinsi saa za kazi zilivyopanda wiki hadi wiki mpaka mwanamume akawa anarudi nyumbani kulala tu, tena akiwa mgonjwa wa uchovu. Barua ikasambaa dunia nzima. Wafanyakazi wakaenda mahakamani kudai malipo ya saa za ziada, na kampuni ikakubali kulipa dola milioni 15.6 kwa kundi la wachoraji, kisha dola milioni 14.9 kwa kundi la waandishi wa programu. Mwaka 2006 mwandishi akajulikana: Erin Hoffman, ambaye naye ni mtengenezaji wa gemu.

Ona jambo hili. Aliyepasua jipu ni mwenzi, aliyekuwa nyumbani akimsubiri mwenzake. Mfanyakazi mwenyewe alikuwa amezama, anadhani ndivyo dunia ilivyo.

Lakini wale walikuwa na kampuni ya kushtaki. Mke wa mwalimu angemshtaki nani? Hakuna anayemlazimisha mumewe. Hakuna saa za ziada kwa sababu hakuna saa za kawaida. Anafanya kwa raha zake, na ndiyo maana kumlalamikia kunamfanya mke aonekane mwenye roho mbaya anayemnyima mumewe furaha. Kujitolea kunapendeza sana machoni pa watu, na uzuri wake unamziba mdomo mtu wa nyumbani.

Kikao cha Nyakahura

Jumamosi tukakutana, wote saba. Nilimwambia mwalimu kabla, faraghani, kwamba mkewe amenipigia na amesema nini. Si vizuri mtu asikie habari za chumbani kwake mbele ya sahani za wali. Alikaa kimya kwa muda, akasema niliweke wazi mezani.

Fundi simu akaanza kwa kuomba. "Dada, tumebakiza kidogo sana. Tumwombe shemeji avumilie mwezi mmoja tu."

Muuguzi akaweka kijiko chini. "Mwezi mmoja wa nani? Mimi wiki hii nimezalisha wanawake. Mwezi wa nane wa ujauzito hauna nyongeza, kaka. Gemu inayo."

Palikuwa na ubishi, nisikudanganye. Binti wa kidato cha sita alitaka tufike Nyakanazi kabla hajaondoka kwenda chuo. Mchoraji alishachora sehemu zote kumi, na michoro yake ni siku zake za kazi ambazo hakuchora bango la mtu. Hata nao walikuwa wamelipa.

Nikapendekeza hivi: mwalimu apumzike kuanzia siku ile mpaka mtoto afikishe miezi mitatu. Gemu ipunguzwe kutoka sehemu kumi hadi tatu, kuanzia Rusumo hadi Benaco tu. Fundi simu ajifunze programu kwa mwalimu, Jumamosi mbili, mchana, nyumbani kwa mwalimu, mke akiridhia. Na Krismasi tuiache ipite.

Mwalimu akaniangalia. "Mnanifukuza?"

Ni swali zito, ndugu msomaji, na nikitaka kukupa picha kamili lazima nikwambie alivyoendelea. "Darasani nina wanafunzi wengi kuliko madawati. Nikifundisha leo, sijui nani ameelewa mpaka mtihani utoke. Kwenye gemu naandika mstari mmoja, lori linasogea. Hiki ndicho kitu pekee kwenye maisha yangu ambacho nikikifanya nakiona."

Kwa hiyo usije ukafikiri hobi ni utoto, kwamba mtu mzima akiipenda basi anakwepa majukumu. Kwa mwalimu yule, saa zile za usiku zilimrudishia kitu ambacho mchana ulikuwa unamnyang'anya. Kumkataza kabisa kungemponya mke uchovu na kumpa mume wa kukaa naye sebuleni akiwa amenuna. Nikamjibu, "Hufukuzwi. Kiti chako hakikaliwi na mtu, na jina lako linabaki la kwanza. Unapewa likizo ya uzazi." Meza nzima ikacheka, na yeye akacheka mwishoni kabisa.

Dola 300 za mama

Kuna kijana nawasimulia sana watu wa timu yangu. Anaitwa Lual Mayen, mzaliwa wa familia iliyokimbia vita Sudan Kusini. Alikulia kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda. Mwaka 2007 aliona kompyuta kwa mara ya kwanza, akamwambia mama yake anataka ya kwake. Hebu fikiria, kambini! Mama hakucheka. Alidunduliza kwa miaka mitatu mpaka akapata dola 300, akamnunulia laptopu. Kijana akawa anatembea mwendo wa saa tatu kwenda kuichaji. Akajifundisha mwenyewe, akatengeneza gemu aliyoiita Salaam, ambamo mchezaji badala ya kuua anatafuta amani. Mwaka 2018 kwenye tuzo za The Game Awards, Marekani, akatambuliwa mbele ya dunia.

Wengi wakisimulia habari hii wanasifia kutembea saa tatu. Mimi nasimama kwa mama. Miaka mitatu ya kujinyima ni mirefu kuliko kutembea saa tatu. Ila mama yule alijua anacholipia. Aliombwa, akafikiri, akakubali, akaweka shilingi yake ya kwanza kwa hiari. Mke wa mwalimu naye alikuwa analipa, ila hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Ndiyo maana siku ya tatu nilimpigia kama nilivyoahidi, nikampa tarehe. Nikamwambia pia kwamba timu imeona vyema jina lake liwekwe mwishoni mwa gemu, kwenye orodha ya waliosaidia. Nilidhani atafurahi. Akacheka kidogo.

"Dada, jina langu silihitaji kwenye simu ya mtu. Mimi nataka Jumapili."

Basi tukaifunga Jumapili. Kundi letu la WhatsApp siku hiyo halina ruhusa ya kazi, hata picha ya lori hairushwi. Na siku nyingine mwisho ni saa nne usiku, umeme uwepo usiwepo. Kila anayejiunga sasa tunamwuliza maswali mawili: unaweza kutoa saa ngapi kwa wiki, na je, mtu wako wa nyumbani anazijua hizo saa? Asiye na mtu wa nyumbani anajibu la kwanza tu.

Tumefika wapi

Mtoto alizaliwa salama, wa kike. Gemu ilitoka Aprili 2024, sehemu tatu, ikiishia Benaco. Ilipitishwa simu kwa simu kwenye kibanda cha fundi, na siku moja nikiwa kwenye basi nilimwona mtu nisiyemfahamu akilisonya lori letu kwa kushindwa mlima. Sikujitambulisha. Nilifurahi kimya kimya mpaka Lusahunga.

Si kila kitu kilikaa sawa. Kijana wa sauti alipata kazi Mwanza, akaondoka, na mlio wa breki wa sasa si mzuri kama wake. Fundi simu anaandika programu polepole, na mwalimu akirudia kazi yake huwa anaguna. Mwalimu mwenyewe alirudi, ila si kama zamani. Anatoa saa nne kwa wiki, mbili kati ya hizo Jumamosi mchana, binti yake mkubwa akiwa pembeni anabonyeza vitufe ovyo. Sehemu ya nne bado haijakamilika. Tungekuwa Nyakanazi muda mrefu tu kama tungeendelea na mwendo ule wa saa nane usiku. Hilo nalijua, na wenzangu wanalijua, na hakuna anayeomba turudi huko.

Na kwangu je? Mume wangu si mtu wa maneno mengi. Anashinda na ng'ombe, na ng'ombe hawahitaji hotuba. Lakini ile wiki ya kikao, Jumapili jioni, nilifunika laptopu mapema nikaenda kukaa naye barazani. Akaniuliza, "Leo nimepangiwa?" Nikamwambia umepangiwa. Akasema, "Basi nichomee mahindi." Tukakaa mpaka mbu wakatufukuza.

Kama na wewe una hobi, au umeoana nayo

Wewe mwenye hobi, mtajie mwenzi wako saa, usimtajie mapenzi. "Naipenda sana" haipangiki kwenye ratiba ya nyumba. "Jumanne na Alhamisi, saa mbili hadi saa nne" inapangika. Na pesa ya hobi iwe na mfuko wake unaojulikana, hata kama ni elfu tano. Kibubu cha pamoja kikiguswa kimya kimya, ugomvi unaokuja hautakuwa wa pesa tena.

Wewe unayesubiri, usingoje mpaka uchukie. Mke wa mwalimu alipiga simu akiwa bado ana utani mdomoni, ndiyo maana alisikilizwa. Sema unachotaka kwa jina lake: Jumapili, chakula cha pamoja, usiku mmoja wa kuamka kwa zamu. "Hunijali" ni vigumu kuijibu. "Nataka Jumapili" inajibika.

Na wewe unayeongoza watu wasiolipwa, iwe kwaya, timu ya mpira, kikundi cha kusaidiana au gemu ya malori, usiwahesabu waliofika kikaoni tu. Nyuma ya kila mmoja kuna mtu aliyebaki na mtoto, aliyekula peke yake, aliyekubali bando liingie kabla ya sukari. Mjue. Ukikutana naye sokoni msalimie kwa jina, na kabla hujaongeza kazi, muulize kama bado anaridhia. Asiporidhia, punguza safari. Lori likifika Benaco salama na dereva akarudi nyumbani, Nyakanazi haihami.